Mzazi Aliyevuliwa Watoto Wake: Njia ya Rufani katika Marekani

Mtu akitiwa gerezani ahesabu siku zake. Ajua kwamba kifungo kikiisha mlango utafunguliwa, naye atarudi kwake. Mtu akitozwa faini auza mbuzi wake, alipa, na neno limekwisha. Lakini iko hukumu nyingine isiyomfunga mtu wala kumtoza mali, nayo ni nzito kupita hizo zote. Ndiyo hukumu isemayo kwamba tangu leo mama huyu si mama tena mbele ya sheria, au kwamba baba huyu si baba. Hana ruhusa ya kuwatembelea wanawe. Hana neno juu ya shule yao, wala dawa zao, wala makao yao. Mtu mwingine aweza kuwapokea kisheria wawe watoto wake, bila kumwomba idhini. Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujua mzazi. Na uchungu wa hukumu hiyo hauna siku ya kufunguliwa.

Katika Marekani hukumu ya namna hiyo ipo, nasi twaweza kuiita kuvuliwa haki za mzazi. Twaieleza leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, maelfu ya jamaa za Kongo, nyingi zao za Kivu na zenye kusema Kiswahili, zilipelekwa huko kama wakimbizi katika miaka iliyofuata 2010, nazo zaishi chini ya sheria hizo. Ya pili, lipo shauri la mama mmoja wa huko lenye mafundisho kwa kila mtu apendaye haki, po pote akaapo. Latufundisha kwamba kuwa na haki ya kukata rufani ni jambo moja, na kuweza kuitumia haki hiyo ni jambo lingine.

Hukumu hiyo yatoka wapi?

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za jamaa. Hata hivyo mwendo wa mashauri haya wafanana karibu kila mahali. Mara nyingi jambo laanza hivi: wakubwa wa serikali wapata habari kwamba mtoto apigwa vibaya, au ameachwa bila chakula na matunzo, au wazazi wametawaliwa na pombe na madawa. Mtoto aondolewa nyumbani, awekwa kwa ndugu au kwa jamaa nyingine ya kumlea kwa muda. Wazazi hawajavuliwa kitu bado. Mahakama yawapa mambo ya kutimiza: kuacha ulevi, kupata nyumba ya kufaa, kuhudhuria mafundisho, kumtembelea mtoto kwa siku zilizowekwa. Wakitimiza, mtoto arudishwa. Wasipotimiza, serikali yaweza kuiomba mahakama ikate kabisa kifungo cha sheria kati yao na mtoto.

Tena siku zahesabiwa. Sheria ya nchi yote ya mwaka 1997 yaagiza kwamba, mtoto akiwa amekaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya miezi 22 ya mwisho, serikali ya jimbo yapasa kupeleka ombi la kuwavua wazazi haki zao. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu watoto wengi walikuwa wakihamishwa nyumba hata nyumba miaka mingi, bila kujua kwao ni wapi. Lakini imeacha nafasi: jimbo laweza kutopeleka ombi hilo ikiwa mtoto alelewa na ndugu yake, au ikiwa iko sababu kubwa ya kuonyesha kwamba ombi hilo halimfai mtoto, au ikiwa serikali yenyewe haikutoa msaada uliohitajiwa ili mtoto arudi nyumbani salama.

Pengine mshitaki si serikali. Aweza kuwa mzazi mwenzake, baada ya ndoa kuvunjwa na sheria ya nchi, naye ataka mke wake mpya au mume wake mpya awapokee watoto. Shauri tutakalolisimulia lilikuwa la namna hii.

Kwa kuwa hukumu hii ni kali, Mahakama Kuu ya Marekani imeweka mpaka. Mwaka 1982, katika shauri la Santosky na Kramer lililotoka jimbo la New York, waamuzi walisema kwamba haitoshi ushahidi wa upande mmoja uzidi kidogo ule wa upande wa pili, kama mizani inayoinama kwa punje moja. Ushahidi wapasa kuwa wazi na wenye kusadikisha. Na kwa watoto wa makabila ya wenyeji wa asili wa nchi ile, sheria ya mwaka 1978 yadai zaidi: pasiwe na shaka ya maana, na mashahidi wenye ujuzi wasikilizwe.

Je, mzazi maskini hupewa wakili? Mwaka 1981 mama mmoja wa North Carolina, aliyekuwa kifungoni, alisimama peke yake mbele ya hakimu, akavuliwa haki juu ya mwanawe. Mahakama Kuu, kwa waamuzi 5 dhidi ya 4, ilisema Katiba hailazimishi mzazi apewe wakili katika kila shauri la namna hiyo. Hakimu na aangalie shauri moja moja. Lakini majimbo mengi leo humpa wakili mzazi asiye na mali, kwa sheria zao wenyewe.

Rufani ni nini, nayo si nini?

Hapa ndipo watu wengi wakosapo. Mzazi ashindwaye hufikiri kwamba katika rufani atasimama mbele ya waamuzi wapya, ataeleza maisha yake upya, ataleta jirani mwingine wa kumshuhudia, na kuwaonyesha kwamba siku hizi amekuwa mtu mwema. Kumbe sivyo. Mahakama ya rufani haisikilizi mashahidi tena. Haiulizi, «Je, mama huyu ni mwema?» Yauliza, «Je, hakimu wa kwanza alihukumu sawasawa?» Na ili kulijibu swali hilo, waamuzi wasoma maandishi: maneno yote yaliyosemwa katika mahakama ya kwanza, yaliyoandikwa neno kwa neno, pamoja na barua, taarifa na amri zote za shauri hilo.

Mambo ambayo mzazi aweza kuyadai ni kama haya: kwamba hakupewa habari ya siku ya shauri kama sheria ipasavyo, kwamba alinyimwa wakili mahali ambapo sheria yampa, kwamba ushahidi haukufikia kipimo cha sheria, kwamba serikali, iliyopaswa kuisaidia jamaa ikae pamoja, haikufanya juhudi ya haki, kwamba hakimu aliielewa sheria vibaya. Kwa jambo la sheria, waamuzi wa rufani hufikiri upya kwa akili yao. Kwa jambo la kumsadiki shahidi huyu au yule, hawapendi kumgeuza hakimu wa kwanza, maana yeye aliziona nyuso na kuzisikia sauti, nao waona karatasi tu. Tena neno lisilotajwa na mzazi wala wakili wake mbele ya hakimu wa kwanza, kwa kawaida halipokelewi katika rufani. Ndiyo maana yasemwa kwamba rufani yaanza kujengwa siku ya kwanza ya shauri, si siku ya hukumu.

Mwisho wake ni mmoja katika mitatu. Hukumu yathibitishwa, au yatanguliwa, au shauri larudishwa kwa hakimu wa kwanza alitengeneze pale alipokosa. Hata mzazi akishinda, si lazima mtoto arudi nyumbani jioni ile. Mara nyingi kilichorudi ni jina la mzazi mbele ya sheria, na nafasi ya kuendelea kumpigania mtoto wake.

Tena muda ni mfupi sana. Katika majimbo mengi mzazi ana siku 30 tu za kutoa taarifa kwamba akata rufani, na penginepo ni chache kuliko hizo. Katika Texas ni siku 20. Siku hizo zikipita, karibu kila mara mlango umefungwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Shauri la M.L.B.

Sasa tumtazame mama mmoja wa jimbo la Mississippi. Mahakama ilimwita kwa herufi tatu tu, M.L.B., ili jina lake na la watoto wake lisitangazwe. Alikuwa na watoto wawili, mwanamume na mwanamke. Mwaka 1992 yeye na mumewe walitengana kwa hukumu ya serikali, wakapatana kwamba watoto wakae na baba. Baba akaoa mke mwingine mwaka ule ule. Mwezi wa Novemba 1993, baba na mke wake mpya walikwenda mahakamani. Waliomba mama avuliwe haki zote, na mke mpya apewe watoto kuwa wake kisheria. Walisema kwamba mama hakuwatembelea watoto ipasavyo, tena hakulipa fedha za matunzo kama alivyoagizwa. Mama akajibu kwamba baba ndiye aliyemzuia kuwaona.

Hakimu alisikiliza shauri kwa siku tatu katika mwaka 1994. Tarehe 14 Desemba alitoa hukumu: mama amevuliwa haki zake. Alisema kwamba ushahidi ni wazi na wenye kusadikisha, lakini hakueleza ni ushahidi gani, wala kwa nini aliusadiki. Aliyarudia tu maneno ya sheria.

Mama alifanya kama apasavyo kufanya mtu mwenye akili. Mwezi wa Januari 1995, ndani ya siku zilizowekwa, alitoa taarifa ya rufani na kulipa dola 100 za kuandikisha. Siku chache baadaye karani wa mahakama alimpa hesabu ya gharama ya maandishi ya shauri: kurasa 950 za maneno ya mashahidi, kwa dola 2 kila ukurasa, kurasa 219 za karatasi nyingine, kwa bei ile ile, pamoja na gharama ya kufunga na kutuma. Jumla yake dola 2,352 na senti 36. Kabla ya kulipwa fedha hizo, rufani haiwezi kuendelea.

Mama hakuwa nazo. Aliomba kusamehewa gharama kwa sababu ya umaskini. Mahakama kuu ya Mississippi ilikataa, ikisema kwamba katika mashauri ya madai msamaha huo ni wa mahakama ya kwanza tu, si wa rufani.

Fikiri basi, msomaji mpenzi, hali ya mama huyo. Sheria yamwambia, «Una ruhusa ya kukata rufani.» Karani amwambia, «Lipa kwanza.» Hukumu yenyewe haikutoa sababu, mahali pa pekee pa kuzitafuta ni katika zile kurasa 950. Na kurasa hizo zimefungiwa nyuma ya dola asizo nazo. Mlango uko wazi, lakini ufunguo wauzwa. Tajiri mwenye shauri kama lake angelipa na kusikilizwa. Yeye awapoteza watoto wake, si kwa sababu waamuzi wa rufani waliona kwamba hukumu ilikuwa ya haki, bali kwa sababu hawakuitazama kamwe.

Mahakama Kuu yajibu

Shauri lilifika katika Mahakama Kuu, Washington. Tarehe 16 Desemba 1996 waamuzi walitoa jawabu lao: 6 walikuwa upande wa mama, 3 walimpinga. Bibi Ruth Bader Ginsburg, mmoja wa waamuzi, ndiye aliyeiandika hukumu.

Mawazo yake yaweza kufuatwa hata na mwanafunzi. Katika mashauri ya kawaida ya mali na madai, alisema, serikali hailazimiki kumlipia kila maskini gharama ya rufani. Lakini tangu mwaka 1956 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri la Griffin na jimbo la Illinois, kwamba mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai asizuiwe kukata rufani kwa kukosa fedha za maandishi. Mwaka 1971, katika shauri la Mayer na mji wa Chicago, haki hiyo ilifika hata kwa mtu aliyefanya kosa dogo, ambaye adhabu yake ni faini tu. Basi, ikiwa mtu atozwaye faini ndogo apewa maandishi ya shauri lake, yawezekanaje kumnyima mama ambaye serikali imemkatia wanawe daima? Hasara ya mama huyo si ya fedha. Ni kung'olewa kwa kifungo cha jamaa, na kifungo hicho ni miongoni mwa mambo ambayo Katiba hulinda kwa nguvu.

Waamuzi watatu waliopinga hawakuwa na hoja ya bure. Bwana Clarence Thomas alisema kwamba Katiba hailazimishi jimbo kuwalipia watu rufani za madai, na kwamba mlango huo ukifunguliwa kwa mama huyu, itakuwa vigumu kuufunga kwa wengine wenye mashauri mazito pia. Gharama za mahakama zatoka katika kodi za watu wote. Hata hivyo wengi waliona kwamba shauri la kumvua mtu watoto wake halifanani na shauri la shamba au la deni.

Angalia vema kile ambacho Mahakama Kuu haikusema. Haikusema kwamba M.L.B. ni mama mwema. Haikusema kwamba hakimu wa kwanza alikosa. Ilisema neno moja tu: jimbo lisimfungie mlango wa rufani kwa sababu hana fedha. Shauri likarudishwa Mississippi liendelee. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mtoto naye angoja

Msomaji mwingine ataniuliza: «Na watoto je? Waamuzi wakisoma kurasa zao, wazazi wakigombana, nani awahurumia wadogo?» Ni swali la haki. Mtoto wa miaka mitatu hahesabu wakati kama mtu mzima. Mwaka mmoja wa rufani kwake ni theluthi ya maisha yake. Amekwisha kumzoea mama wa pili, amemwita mama, amejua harufu ya jiko lake. Kumng'oa tena kwaweza kumwumiza. Kwa sababu hiyo majimbo mengi huharakisha rufani za namna hii, yakizitanguliza mbele ya nyingine, na kuwapa mawakili siku chache za kuandika hoja zao.

Lakini haraka isiyo na haki nayo yamdhuru mtoto. Hukumu ikiwa na kasoro, kasoro hiyo haimwangukii mzazi peke yake. Mtoto naye amevuliwa mama, na bibi, na wajomba, na kabila lake lote, tena bila kuulizwa. Siku moja atakuwa mkubwa, naye atauliza kwa nini. Yafaa aweze kuambiwa: «Shauri lako lilisikilizwa mara mbili, na watu wenye akili, nao waliyasoma yote.» Jawabu hilo ni malezi pia.

Kwa ndugu zetu walio huko

Mzazi wa Kongo akaaye Marekani asidhani kwamba mambo haya ni ya wengine. Kule mtoto akiachwa peke yake nyumbani, au akipigwa hata kubaki na alama, jirani au mwalimu aweza kuwaita wakubwa. Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kuitika «ndiyo» kwa adabu tu, na kumbe amekubali neno zito. Basi, akiitwa mahakamani, ayashike mambo haya.

La kwanza: aende kila siku aitwapo, hata kama hana tumaini. Kiti kitupu cha mzazi ni ushahidi mbaya kuliko mashahidi kumi.

La pili: aombe mkalimani mtu mzima mwenye kukijua Kiswahili chake, wala asimtumie mtoto wake mwenyewe kumfasiria. Asitie sahihi karatasi yo yote asiyoielewa.

La tatu: tangu mwanzo awataje ndugu walio tayari kumlea mtoto, shangazi, mjomba au bibi, maana sheria ya 1997 yenyewe imetoa nafasi kwa mtoto alelewaye na ndugu.

La nne: ahifadhi kila barua, kila hati ya mafundisho aliyomaliza, kila tarehe aliyomtembelea mtoto. Avikabidhi kwa wakili wake viingie katika maandishi ya shauri. Maana kisichomo katika maandishi hakitaonekana katika rufani.

La tano: hukumu ikitoka, amwulize wakili wake siku ile ile, «Nina siku ngapi?» Akiwa hana fedha, aseme wazi kwamba ni maskini na aombe msamaha wa gharama. Aombe pia kwamba mtoto asipewe watu wengine kisheria kabla ya rufani kwisha, kwa maana pengine hukumu huendelea kutendeka mpaka mahakama iamuru ingoje.

Na la mwisho ni kubwa kuliko yote: aendelee kujitengeneza. Kuteleza si kuanguka. Mzazi aliyeacha pombe wakati wa rufani huenda asiweze kuwaonyesha waamuzi jambo hilo jipya. Lakini shauri likirudishwa kwa hakimu wa kwanza, hapo litasikika.

Nasi tulio hapa tusiseme kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Katika Kongo pia, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imeweka mahakama ya watoto yenye vyumba viwili, cha kwanza na cha rufani. Kwetu na kwao, sheria imekiri kwamba hakimu ni mwanadamu, naye aweza kukosa. Ndiyo sababu rufani iliwekwa. Mwenye ndugu anayeitwa mbele ya mahakama kwa ajili ya wanawe asimwache aende peke yake. Amsindikize, amsaidie kutunza karatasi zake, na kumhesabia siku.